Kabla hujafungua koki: mwongozo wa titresheni na vipimo vya chakula kwa anayeanza maabara

Mbukwenyi, ndiyo salamu yetu ya Kigogo. Mimi ni mtu wa maabara katika sekondari moja nje kidogo ya mji wa Dodoma. Kila mwaka wanaingia wanafunzi wapya, na kila mwaka naulizwa yale yale: Pinki imezidi, nifanyeje? Benedict imebaki bluu, nimekosea wapi? Mbona jibu langu na la jirani yangu hayafanani wakati tumechota chupa moja? Nimechoka kuyajibu meza kwa meza huku nyuma yangu kuna mtu anaunguza neli. Haya hapa kwa maandishi, na utayarudia usiku ukiwa bwenini.

Nimechukua mambo mawili tu: titresheni ya asidi na besi kwa upande wa kemia (kudondosha asidi unayojua ukali wake kwenye besi mpaka zimalizane, ili upate ukali wa besi), na vipimo vya chakula kwa upande wa biolojia. Mkono uliozoea hayo mawili haubabaiki sana mbele ya majaribio mengine ya kidato cha kwanza mpaka cha nne. Najua mtihani utaujibu kwa Kiingereza. Kuelewa ni kazi nyingine, na hiyo tutaifanya kwa lugha tuliyokulia.

Kwanza maji

Wengi wanadhani jaribio linaanza pale asidi inapogusa besi. Mimi naona linaanzia kwenye ndoo. Maji ya mji wetu kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima virefu vya Makutupora, na ukoko mweupe ulioganda ndani ya birika la nyumbani unakuambia yamebeba nini. Ni maji magumu: sabuni inagoma kutoa povu, na kuna maeneo ambako ladha ya chumvi unaisikia ulimini. Kwa kunywa hatuna neno. Kwa kemia, vile vilivyoyeyuka ndani yake vinakula asidi. Ukitengeneza mmumunyo wa asidi kwa maji ya bomba, sehemu ya asidi yako imeshatumika kabla hujaanza kazi. Na ukija kwenye kupima kloridi kwa silva naitreti, maji ya bomba yenyewe yanaweza kukupa mashapo meupe. Utaandika kwamba sampuli ina kloridi, kumbe kloridi ni ya kisimani.

Kwa hiyo maji ya bomba ni ya kuoshea, na suuza ya mwisho ni ya maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha mvuke ukapozwa. Kutengeneza mmumunyo, siku zote maji yaliyokenekwa. Shule isiyo na mtambo wa kuyakeneka hununua madukani yale yanayoitwa maji ya betri, na hapa nakuomba usikilize vizuri. Madukani kuna vimiminika viwili vinavyohusu betri. Kimoja ni maji safi ya kuongezea betri. Kingine ni asidi ya salfuriki ya kujazia betri mpya, na wauzaji wengine huviita vyote maji ya betri. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa cha pili nikiwa nimeomba cha kwanza. Kilichoniokoa ni uzito: dumu lilikuwa zito kuliko dumu la maji la ukubwa uleule. Soma lebo. Dumu lisilo na lebo usilinunue.

Pia weka ndoo yenye koki iliyojaa maji safi pembeni ya meza kabla hujaanza. Huku bomba hukauka bila kuaga, na tone la asidi halisubiri mgao.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa titresheni: bureti ya sentimita za ujazo 50 (kuanzia hapa nitaandika sm³), pipeti ya 25 au 20 (soma namba iliyoandikwa kwenye tumbo lake, usikisie), balbu ya kuvutia pipeti, chupa koni mbili au tatu, faneli ndogo, stendi na kibanio, kigae cheupe au karatasi nyeupe ya kuweka chini ya chupa, na kioneshi, yaani dawa inayobadili rangi kukuonesha kwamba umefika mwisho.

Kwa vipimo vya chakula: neli za majaribio, au testi tyubu kama tunavyoziita wengi, angalau sita kwa kila kikundi, kishikio cha neli, kinu kidogo na mchi, vitonesheo, bika la kuchemshia maji, na jiko la spiriti au la gesi. Dawa ni ayodini, Benedict (ile ya bluu ya kupimia sukari), sodiamu haidroksaidi ya asilimia 10, kopa salfeti ya asilimia 1, asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, magadi soda na spiriti isiyo na rangi.

Kwa mwili wako: koti, miwani ya kinga, viatu vilivyofunika vidole. Kandambili zinabaki mlangoni. Nywele ndefu na vitambaa vya kichwani vinavyoning'inia vifungwe nyuma.

Na daftari. Daftari halisi, siyo kiganja cha mkono, siyo karatasi ya pipi.

Titresheni hatua kwa hatua

Mfano wetu ni wa kawaida: asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M (yaani moli 0.1 katika kila lita) iko kwenye bureti, sodiamu haidroksaidi usiyojua ukali wake iko kwenye chupa koni. Unatafuta ukali wa besi.

1. Osha bureti kwa maji ya bomba, suuza kwa maji yaliyokenekwa, halafu isuuze kwa asidi yenyewe. Mimina kama sm³ 5 za asidi, ilaze bureti na kuizungusha ili asidi ipite kila mahali, kisha itoe yote kupitia kwenye koki. Maji yaliyobaki ukutani yangeizimua asidi yako.

2. Pipeti ifanyie vivyo hivyo, ila suuza yake ya mwisho ni ya besi.

3. Chupa koni isuuze kwa maji yaliyokenekwa peke yake. Usiisuuze kwa besi! Nalirudia hili kila wiki na bado kila wiki kuna anayefanya. Pipeti inapima sm³ 25 kamili. Chupa ikishakuwa na matone ya besi ukutani, una 25 na ushee, na huo ushee hakuna anayeujua. Maji yakibaki ndani hayadhuru kitu, kwa sababu hayaongezi wala hayapunguzi besi iliyoingizwa na pipeti. Chupa koni inaweza kuwa na majimaji na jibu likatoka sawa.

4. Jaza bureti kwa faneli mpaka juu ya alama ya sifuri, kisha toa faneli. Ukiiacha itadondosha tone katikati ya kazi na hutajua limetoka wapi.

5. Weka bika chini, fungua koki kwa nguvu kidogo ili hewa iliyojificha chini ya koki itoke. Piga jicho kwenye ncha: ukiona kipovu, rudia. Kipovu kikitoka katikati ya titresheni, nafasi yake itajazwa na asidi, na bureti itakuhesabia asidi ambayo haijafika kwenye chupa.

6. Soma bureti. Sifuri iko juu na namba zinaongezeka kushuka chini, kinyume cha silinda ya kupimia, kwa hiyo usisome kwa mazoea. Uso wa kimiminika umebonyea katikati; jicho liwe usawa wa sehemu ya chini ya mbonyeo huo. Mfupi apande stuli, mrefu apige goti, au ishushe bureti kwenye stendi. Andika desimali mbili: 0.00 na siyo 0, 22.40 na siyo 22.4.

7. Vuta besi kwa balbu mpaka juu kidogo ya alama ya pipeti, ishushe polepole mpaka alama, halafu iachie iteremke yenyewe kwenye chupa koni. Ikiisha, gusisha ncha ukutani mwa chupa kwa sekunde chache. Tone litakalobaki kwenye ncha usilipulize; pipeti imetengenezwa kwa kulihesabu kuwa litabaki. Usivute kwa mdomo. Kaka yako alivuta kwa mdomo na yuko salama? Mpongeze, halafu tumia balbu.

8. Ongeza matone mawili au matatu ya kioneshi. Methili oranji ni njano kwenye besi na huwa nyekundu kwenye asidi. Unasimama inapofika rangi ya chungwa. Fenolfthalini ni pinki kwenye besi na haina rangi kwenye asidi. Kwa asidi kali na besi kali zote mbili zinafaa. Kwa asidi kali na sodiamu kaboneti chukua methili oranji, na kwa asidi dhaifu kama ya siki dhidi ya sodiamu haidroksaidi chukua fenolfthalini. Usimimine kioneshi kama unaweka mafuta ya kukaangia. Vioneshi vingi navyo ni asidi au besi dhaifu.

9. Fanya raundi ya majaribio, ya haraka, kujua tu mwisho uko maeneo gani. Mkono wa kushoto uko kwenye koki, wa kulia unazungusha chupa. Mara ya kwanza utajiona unacheza ngoma usiyoijua.

10. Sasa raundi za kweli, tatu. Achia asidi mpaka zibaki kama sm³ 2 kufika pale ulipofika mwanzo, halafu tone kwa tone. Osha kuta za chupa kwa maji yaliyokenekwa ili matone yaliyoruka yarudi chini. Rangi ikibadilika kwa tone moja na kukaa hivyo huku ukizungusha, funga. Subiri sekunde chache asidi iliyobaki ukutani mwa bureti iteremke, ndipo usome.

Huna sababu ya kurudisha bureti kwenye sifuri kila mara. Kama imebaki asidi ya kutosha, anzia pale ulipo na utoe. Angalia kikundi kimoja kilichofanya vizuri: raundi ya majaribio ilitoka 0.00 mpaka 22.90. Ya kwanza 0.00 mpaka 22.50, yaani 22.50. Ya pili walianzia hapohapo 22.50 wakafika 44.95, yaani 22.45. Wakajaza tena, ya tatu ikatoka 1.20 mpaka 23.75, yaani 22.55. Zote tatu ziko ndani ya tofauti ya 0.10. Wastani ni 22.50. Ile 22.90 haiingii kwenye wastani, hata ikikupendeza namna gani.

Hesabu yenyewe fupi. Moli moja ya asidi hii inamaliza moli moja ya besi hii, kwa hiyo 0.1 mara 22.50 gawanya kwa 25.00 ni 0.09 M. Moli moja ya sodiamu haidroksaidi ni gramu 40, basi kuna gramu 3.6 katika kila lita. Mlinganyo ukiwa na uwiano mwingine, kama sodiamu kaboneti inayotaka asidi mara mbili, ingiza uwiano kwanza. Wengi wanaokosea hesabu walishakosea kwenye kusawazisha mlinganyo.

Kuhusu kupika namba. Mwanafunzi anayeleta 22.50, 22.50, 22.50 na mkono bado unatetemeka, huwa namwomba arudie raundi moja nikiwa nimesimama pale. Namba zinazopishana kidogo hazina aibu yoyote. Bureti yako inasomeka kwa nusu ya kistari, na mkono wako ni wa binadamu.

Vipimo vya chakula

Hapa tuna bahati ya mahali. Sampuli zote zinapatikana Soko la Majengo kwa hela ndogo: unga wa uwele, karanga, yai, maziwa, asali ya Manyoni, mafuta ya alizeti, sukari ya dukani, na zabibu, ambazo huku tunavuna mara mbili kwa mwaka. Chukua zabibu nyeupe, za kijani. Juisi ya zabibu nyekundu itakuficha rangi ya Benedict na utabaki unabishana na wenzako. Kwa sababu hiyohiyo epuka mtama mwekundu; uwele au mtama mweupe ni rahisi kusoma.

Kwanza tayarisha. Kitu kigumu kitwange na maji kidogo, kichuje kikiwa na makapi. Unga ukoroge kwenye maji. Ute wa yai uzimue kwa maji mara nne au tano. Kila chakula neli yake, kila neli lebo yake. Baada ya neli tatu hutakumbuka ipi ni ipi, na usiniambie wewe utakumbuka.

1. Wanga. Sampuli sm³ 2, matone mawili matatu ya ayodini. Bluu iliyoiva mpaka nyeusi: wanga upo. Ikibaki hudhurungi ya ayodini: haupo. Sampuli iwe ya baridi, kwa sababu kwenye moto ile bluu hutoweka, kisha hurudi ikipoa. Maziwa safi hayana wanga. Yakigeuka bluu, kuna mtu ameyaongezea unga, na hapo jaribio limetoka maabara limeingia sokoni.

2. Sukari sahili. Sampuli sm³ 2 na Benedict sm³ 2, weka neli ndani ya bika la maji yanayochemka. Bluu itakwenda kijani, njano, chungwa, mpaka nyekundu ya tofali kadiri sukari inavyokuwa nyingi. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Ukiambiwa dakika tatu na hujaona kitu, ongeza mpaka tano au sita kabla ya kukata tamaa. Asali na zabibu hazitakusubirisha.

3. Sukari isiyo sahili, kama ile ya dukani. Hakikisha kwanza kipimo cha 2 kimebaki bluu. Chukua sampuli mpya sm³ 2, ongeza asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa sm³ 1, chemsha dakika mbili, poza. Sasa ongeza magadi soda kidogo kidogo mpaka mapovu yaishe. Ndipo uweke Benedict na kuchemsha tena. Asidi imeivunja sukari vipande viwili vidogo, na hivyo ndivyo Benedict inaviona. Kosa kubwa ni kuruka magadi soda: Benedict haifanyi kazi kwenye asidi, utabaki na bluu na kuandika hakuna sukari kwenye neli uliyoweka sukari kwa mkono wako.

4. Protini. Sampuli sm³ 2, sodiamu haidroksaidi sm³ 1, tikisa. Halafu kopa salfeti tone kwa tone, ukitikisa kila tone. Zambarau: protini ipo. Usichemshe. Usizidishe kopa salfeti, kwa sababu yenyewe ni bluu na itaimeza zambarau.

5. Mafuta. Twanga karanga, weka kwenye neli kavu na spiriti sm³ 3, tikisa sana, acha itulie. Mimina kile kilichotakata juu kwenye neli yenye maji. Ukungu mweupe kama maziwa: mafuta yapo. Kama spiriti imekwisha, sugua karanga kwenye karatasi. Doa la maji, kwa ukavu wa hewa yetu, litapotea kwa dakika chache. Doa la mafuta litabaki likipitisha mwanga. Spiriti na moto visikae meza moja. Maliza kipimo hiki kwanza au zima majiko yote.

Andika ulichokiona

Hapa ndipo alama zinapotea, na kwa maoni yangu Kiswahili chetu kina mkono. Nyumbani tunasema maji meupe tukimaanisha masafi. Mwanafunzi anaangalia neli ya maji safi, kichwani anasema nyeupe, kwenye karatasi anaandika kwa Kiingereza kwamba ni nyeupe. Mtahini anasoma kwamba kulikuwa na kitu kama maziwa. Maji hayana rangi. Nyeupe ni maziwa, chaki, mashapo ya kloridi. Vitenganishe kichwani kwanza, tafsiri itafuata.

Vivyo hivyo nyekundu. Tunaita ng'ombe mwekundu, udongo mwekundu, chai nyekundu, na hakuna hata kimoja chenye rangi ya damu. Kwenye Benedict tofauti ya chungwa na nyekundu ya tofali ndiyo jibu. Ukikwama, taja kitu: rangi ya tofali la kuchoma, rangi ya ganda la chungwa lililoiva.

Na kusema "rangi ilibadilika" hakutoshi. Kutoka nini kwenda nini? Kabla au baada ya kuchemsha? Chora safu nne: kilichopimwa, nilichofanya, nilichokiona, hitimisho. Safu ya tatu ni ya macho, ya nne ni ya akili. "Kuna wanga" hakionekani kwa macho. Kinachoonekana ni bluu iliyoiva. Na ukiona kitu ambacho kitabu hakikusema, kiandike hivyohivyo. Nimewahi kuona kikundi kimeandika zambarau kwenye neli ambayo ilikuwa bluu kama anga, kwa sababu walijua maziwa yana protini. Walikuwa wamesahau kuweka sodiamu haidroksaidi. Wangeandika bluu, tungegundua kosa kwa dakika moja.

Ukitaka kuzoeza mkono likizoni

Hakuna bureti nyumbani, lakini bomba la sindano la ml 10 bila sindano linauzwa duka la dawa. Loweka choya kavu, ile tunayotengenezea juisi, kwenye maji ya moto kidogo. Hicho ndicho kioneshi chako, chekundu kwenye asidi na cha bluu chafu kuelekea kijani kwenye besi. Koroga kijiko cha chai cha magadi soda kwenye glasi ya maji, pima ml 20 kwa bomba, weka kwenye glasi angavu na matone kumi ya choya. Zimua maji ya ndimu yaliyochujwa kwa maji kiasi sawa, yavute kwenye bomba lingine, dondosha taratibu ukizungusha. Yatatoa mapovu, na rangi itarudi nyekundu pole pole, siyo kwa tone moja kama fenolfthalini. Rudia mara tatu uone kama namba zako zinakaribiana. Glasi hiyo usiinywee, hata kama vyote vimetoka jikoni.

Mambo yakigoma

Pinki imepotea, halafu imerudi nikizungusha. Hujafika mwisho. Endelea tone kwa tone.

Imepotea lakini nahisi nimepitiliza. Kama hujui umepitiliza kwa kiasi gani, mwaga, anza raundi mpya. Usirudishe besi kwa kitonesheo.

Kila raundi jibu linapungua. Angalia besi yako iko wazi tangu lini. Sodiamu haidroksaidi inavuta kaboni dayoksaidi ya hewani na kugeuka kaboneti pole pole, na kwa fenolfthalini hilo linapunguza asidi inayohitajika. Chupa ifungwe kila baada ya kuchota, kwa kizibo cha mpira. Kizibo cha kioo kitanasa.

Raundi zinaruka huku na huku. Mara nyingi ni kipovu kwenye ncha, koki inayovuja, au wasomaji wawili wanaopokezana. Msomaji awe mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Benedict imebaki bluu kwenye asali. Maji ya bika hayakuwa yanachemka, au Benedict imewekwa kiduchu. Kama vyote viko sawa, jaribu dawa yenyewe kwa glukosi ya duka la dawa.

Ayodini haileti kitu hata kwenye unga. Itazame. Ikiwa imepauka kama chai ya jana, imekufa. Chupa yake ikae gizani na ifungwe.

Neli imerusha maji ya moto. Ilikuwa juu ya moto wa moja kwa moja, mdomo ukiwa umeelekea kwa mtu. Tumia bika. Ukilazimika kuchemsha moja kwa moja, ilaze, itikise, na mdomo uangalie ukuta.

Moto unazimikazimika. Upepo wa kipupwe. Funga dirisha la upande unaotoka upepo, acha la upande wa pili wazi.

Asidi au besi imenigusa ngozi. Maji mengi, mfululizo, kwa dakika 15 au zaidi, kutoka kwenye ile ndoo. Ikiingia jichoni, shikilia kope wazi, osha kwa muda huohuo, mtu mwingine akimbie kumwita mwalimu, kisha hospitali. Usitie magadi soda wala maziwa jichoni.

Ukimaliza, asidi iliyobaki kwenye bureti usiirudishe kwenye chupa yake. Zimua, mwaga mahali ulipoelekezwa. Kopa salfeti na Benedict haziendi kwenye sinki, zina dumu lake. Osha neli kabla unga haujagandia. Suuza bureti kwa maji yaliyokenekwa, ifunge kwenye stendi kichwa chini, koki ikiwa wazi, ili atakayeikuta kesho asubuhi aikute kavu.